Vishikwambi vya kazi za fildi huku Dodoma: nimevishika vya kampuni tofauti, maoni yangu haya hapa

Kila ikitangazwa kazi ya utafiti hapa Dodoma simu yangu haipumziki, vijana wanauliza swali lilelile, bro ninunue kishikwambi gani, maana siku hizi matangazo mengi ya kazi za kukusanya takwimu yanasema kabisa mwombaji awe na kishikwambi au simu janja yake inayokaa na chaji. Sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa ninachokijua chote. Mi ni supavaiza wa wadodosaji, mizunguko yangu ni Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, saa nyingine tunavuka mpaka Manyoni na Ikungi, na hivi vifaa nimeviona vikipiga kazi kwenye jua letu hili na vumbi letu hili, sio juu ya kaunta ya duka lenye kiyoyozi.

Ukipita mjini kati, maeneo ya Uhindini na ile mitaa ya karibu, utaona jinsi kampuni zinavyogombania mfuko wako. Samsung wa Korea Kusini yupo, Lenovo, Xiaomi na Huawei wa China wapo, halafu kuna Transsion, hawa ndo wenye Tecno, Infinix na itel, watu wengi hawajui kama hizo tatu ni za mama mmoja. Mabango yao yote yanaimba RAM, megapikseli na inchi. Sijawahi kuona bango hata moja linalosema kioo kikipasuka Dodoma spea ipo Dodoma, na kwangu mi hilo ndo swali la kwanza kabisa kabla hata sijauliza bei. Kifaa kizuri kisichokuwa na spea mkoani kwako ni hela umeitupa, nasema hivyo kwa uchungu kabisa na huko mbele nitaeleza kwa nini.

Kwanza vijana wajue hii vita haikuanza jana. Kabla ya hizi tachi kubwa kulikuwa na zile kompyuta za mkononi wanaziita PDA, unaandikia kwa kijiti. Palm Pilot ya Marekani ilitoka 1996, ikawa mbabe kwao. Uingereza walikuwa na Psion, Japan kulikuwa na Zaurus ya Sharp tangu 1993, baadae Sony akaja na Clié, Compaq nae akaingia na iPAQ mwaka 2000 inayotumia Windows. Kila mmoja alikuwa na nguvu kwao, akitoka nje anakutana na mwenyeji. Kilichofuata ndo kinanihusu mimi mnunuzi: Psion aliachana na hizo mashine 2001, Sony akatangaza 2004 kwamba anaacha kuuza Clié Ulaya na Marekani, mwaka uliofuata akafunga kabisa hata kwao. HP alimnunua Palm 2010 kwa dola bilioni 1.2, Julai 2011 akatoa kishikwambi kinaitwa TouchPad, Agosti hiyohiyo akatangaza anaacha. Hata mwezi wa pili haukuisha! Fikiria wewe ndo uliyetoa hela yako ukanunua wiki ya kwanza. Na kwenye simu juzijuzi tu LG alifunga biashara nzima mwaka 2021. Kampuni ikishindwa soko inaondoka zake, hasara ya kwenye vitabu inaisha, ila aliyenunua anabaki na kifaa kisicho na mwenyewe.

Na hizo PDA hazikuishia Ulaya jamani. Mwaka 2004 kulifanyika utafiti mkubwa wa kaya kusini mwa nchi yetu, Lindi na Mtwara, kaya zaidi ya 20,000, na wadodosaji walikuwa wanaingiza majibu kwenye PDA hapohapo kwa mhojiwa badala ya karatasi. Mwaka 2004! Kwa hiyo anayekwambia haya mambo ni mageni kwetu mwambie hapana. Kitu kimoja nawaonea wivu watu wa zama zile, Palm za mwanzo zilikuwa zinatumia betri mbili ndogo za AAA, na Psion Series 5 ilitumia mbili za AA, zilezile za redio, unanunua duka lolote la kijijini unaendelea na kazi. Leo ukikaa vijiji vya ndani huko Bahi chaji ikikata saa nane mchana umekwama mpaka upate mwenye sola.

Halafu ikaja Sensa ya 2022, hii ndo iliyofanya kila mtu ajue neno kishikwambi. Tarehe 23 Agosti makarani nchi nzima wakaingia mtaani na vishikwambi mkononi, tukahesabiwa tukafika 61,741,120, na mkoa wetu wa Dodoma peke yake ukavuka milioni 3. Baada ya hapo vile vifaa vikaenda kwa walimu wa shule za serikali. Mi naona kuanzia pale ndo soko lilibadilika huku kwetu, mzee wa kijiji zamani ukimtolea kishikwambi anadhani unampiga picha, sasa hivi anakuuliza mwenyewe, hiyo GPS imeshashika?

Haya tuje kwenye vifaa vyenyewe.

Ninachokipendekeza kwa mtu mwenye hela ya kawaida ni Samsung Galaxy Tab A9, sio ile A9+ kubwa, hii ndogo ya inchi 8.7. Ilitoka 2023. Ukubwa wake ndo sababu ya kwanza, inakaa mkono mmoja, mkono mwingine unabaki huru, na uzito ni kama gramu 330 hivi, sasa kama hujawahi kusimama mlangoni mwa kaya dakika arobaini na tano umeshika kitu utaona hilo ni jambo dogo, lakini waulize wadodosaji wanaobeba zile za inchi kumi jioni mkono unavyokuwa. Prosesa yake Helio G99 kwa kazi yetu inatosha na kubaki, dodoso la KoboCollect, ile app ya kukusanyia data, lenye maswali mia mbili na ushee, lenye skipu (maswali yanayorukwa kutokana na jibu) na picha na GPS, linateleza bila kuganda. Betri mAh 5100. Kwa matumizi yetu, data umezima, mwanga umepandisha kwa sababu ya jua, GPS unaiwasha kila kaya, inakutoa asubuhi mpaka jioni ukiwa na nidhamu, namaanisha hauangalii mpira ukiwa kwenye gari. Ina sehemu ya memori kadi na tundu la earphone. Kuna ya RAM GB 4 na hifadhi 64, kuna ya 8 na 128, kwa dodoso chukua ya 64 inatosha kabisa hizo hela nyingine nunua pawabenki.

Hapa sikiliza vizuri maana ndo wengi wanaliwa: iko ya aina mbili na kwa macho zinafanana kama mapacha. SM-X115 ndo inayoingia laini, SM-X110 ni ya waifai tu. Muuzaji hakwambii, au yeye mwenyewe hajui, we geuza boksi usome. Ukinunua ya waifai utahangaika na hotspot ya simu kila jioni ukitaka kutuma data, simu inaisha chaji, bando linaisha, supavaiza anapiga simu. Chukua ya laini. Bei yake inategemea na dola na duka, mi nimeona inachezea laki nne mpaka tano na kitu, ukikuta laki mbili na nusu mpya kwenye boksi jiulize mara mbili.

Kuhusu jua niseme ukweli na hili ni la vishikwambi vyote vya bei hii bila kujali jina, hivi vioo vya LCD vya kawaida havijatengenezwa kwa saa sita mchana ya Chamwino. Siku moja tulikuwa kijiji kimoja cha Bahi, mdodosaji wangu binti mdogo tu amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba anamhoji mama mtu mzima, Shikamoo mama, marahaba mwanangu, wakaanza vizuri. Kufika sehemu ya orodha ya wanakaya kioo chote kikawa kinaonyesha uso wake na mawingu, maswali hayasomeki. Yule mama bila kuambiwa akavua kanga aliyojitanda begani akamfunika binti na kishikwambi pamoja, wakaendelea na mahojiano humo ndani wanasikika sauti tu. Tulimaliza salama, ila mi niliondoka pale najiuliza, hivi hawa waliotengeneza hiki kitu waliwahi kukijaribu kwenye nchi yenye jua kama hili? Kama unagombania soko la Afrika basi mwanga wa kioo ndo uanze kuuongeza, megapikseli baadae.

Kwa mwenye bajeti ndogo nenda itel Pad 1. Hii ni kubwa, inchi 10.1, betri 6000, inaingia laini, GB 128. Sio ya haraka, ukitoka swali moja kwenda lingine kuna kasubira kadogo, na ukubwa wake kwa kazi ya kusimama sio rafiki, lakini kwa kazi za kukaa, mfano unahoji watumishi wa zahanati au walimu ofisini, ni nzuri na maandishi yanaonekana hata kwa mzee asiye na miwani anayetaka kuona unaandika nini. Kwa hela yake sina neno baya.

Na niwape haki yao hawa Transsion kwa sababu wao ndo walioelewa kugombania soko la ugenini maana yake nini. Kampuni ilianza 2006, mwanzilishi wake Zhu Zhaojiang, na kufika 2008 wakaamua nguvu yao wanaileta Afrika, wakati Nokia na Samsung wanaonekana hawagusiki. Walifanya nini? Waliangalia watu tunavyoishi. Wakati ule kupiga mtandao mwingine ilikuwa gharama kila mtu anatembea na laini mbili tatu anabadilishabadilisha, wakaleta simu za laini mbili. Umeme wa shida wakaleta betri kubwa. Picha zetu zilikuwa zinatoka meno na macho tu, wakaitengeneza kamera kwa ajili ya ngozi nyeusi. Wakafungua kiwanda Ethiopia 2011. Wakaweka na matengenezo yao wenyewe, Carlcare. Kwao China ukiuliza Tecno wengi hawaijui, lakini huku wamekaa juu ya watu wote kwa miaka mingi kwa idadi ya simu. Na matokeo yake unayaona kwa fundi wa mtaani, mpelekee Tecno au itel iliyopasuka kioo anavuta droo tu, kipo. Samsung za A nazo hivyohivyo, vioo vipo, kisipokuwepo Dodoma anapiga simu Kariakoo kinapandishwa basi la usiku asubuhi unakifuata stendi Nanenane. Hiyo ndo huduma ninayoitaka, siku moja imepotea basi, sio mradi mzima.

Lenovo Tab M8 imara, ndogo, nimeiona kwenye miradi mingi ya afya, kwa dodoso jepesi inatosha. Xiaomi wako vizuri kwenye kioo na spidi kwa bei ile, ila vishikwambi vyao vingi vinavyoletwa huku ni vya waifai tu, sasa hapo ndo unarudi kulekule kwenye hotspot. Huawei vifaa vyao vimetengenezwa vizuri sana tu tangu Marekani iwabane 2019 vipya vyao haviji na Play Store, KoboCollect unaweza kuiweka kwa faili lakini mdodosaji mgeni asiyejua atakusumbua usiku kucha.

Sasa lile la uchungu nililosema. Mradi mmoja niliofanya ulinunuliwa vishikwambi vya kampuni moja, jina nalihifadhi, na sio kampuni ya kichochoroni. Vizuri, vyembamba, vinang'aa, siku ya mafunzo kila mtu anavitamani. Wiki ya pili fildi kimoja kikadondoka kwenye pikipiki njia ya Mpwapwa kioo kwisha. Nikakileta mjini, fundi wa kwanza hana, wa pili hana, wa tatu akakigeuza geuza akaniambia kaka hii kioo chake mi sijawahi hata kukiona. Tukapiga Dar, Kariakoo nzima hamna. Tukamwandikia muuzaji rasmi, akajibu kwa heshima kabisa kwamba spea inaagizwa nje na bei yake aliyotaja ilikaribia ya kifaa kipya. Kikafuata cha pili, hiki hakikupasuka, vumbi tu liliingia sistimu chaji, yaani pale tunduni unapochomeka chaji, ukichomeka waya mpaka uukunje na uwekee jiwe. Fundi akatoa brashi ya meno akasugua, akapuliza, akaweka spiriti, kikachaji siku tatu kikagoma jumla, na sistimu chaji yake hamna sokoni. Mpaka mradi unaisha kabati la ofisi limejaa vifaa vizima vilivyokufa kwa vitu vidogo, na vijana wangu wawili walikaa nyumbani bila posho kwa sababu hamna kifaa cha kuwapa. Hilo ndo limenikaa. Kampuni imeshahesabu mauzo yake Tanzania, imepanda kwenye chati, na kijana wa Nkuhungu amekosa kodi ya mwezi.

Kwa hiyo jaribio langu kabla ya kununua ni rahisi sana na we lifanye. Usianzie dukani, anzia kwa fundi. Mwambie naomba bei ya kioo cha kishikwambi fulani na sistimu chaji yake, unapata lini. Akikujibu hapohapo na bei, kanunue. Akianza kukuna kichwa na kusema niachie namba, achana nacho hata kama kina RAM ya kujaza ndoo.

Vile visivyo na jina, au vyenye jina la kutunga, vimeandikwa kwenye boksi GB 512 na RAM 12 na 5G kwa laki moja na sabini, naomba mviache kabisa kwa kazi. Nimekishika kimoja cha mdodosaji, kwenye mpangilio kinaonyesha hizo namba zote kubwa, kuweka picha za dodoso siku mbili kinasema nafasi imejaa, na GPS inamsoma mtu yuko kilomita kadhaa kutoka alipo, kaya ya Kongwa inaonekana porini. Data yote ile ilirudiwa. Cha laini kabla hujalipa bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, itume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone majibu yanasema ni kifaa gani, kama jina linalorudi sio lile la kwenye boksi rudisha. Bure tu na muuzaji mkweli hawezi kukukatalia. Tunakumbuka Juni 2016 feki zilivyozimwa nchi nzima watu wakabaki na vioo vya kujitazamia.

Kama ni ofisi inanunua na sio mfuko wako, omba Samsung Galaxy Tab Active, ile Active3 ya 2020 au Active5 ya 2024. Hizi ndo zimetengenezwa kwa kazi. Vumbi na maji haviingii, ina kalamu yake, na betri inachomoka! Unabeba betri ya pili imejaa, ya kwanza ikiisha unabadilisha kama zamani unaendelea na kaya inayofuata, hakuna kutafuta sola ya mtu. Bei iko juu na madukani Dodoma huikuti hivihivi mpaka uagize, lakini ofisi ikipiga hesabu ya vile vya kabatini itaona hii ni nafuu.

Na kama kuna mtu wa hizi kampuni anasoma, mwakilishi, msambazaji, yeyote, naomba mnisikie. Dodoma sio kituo cha njiani tena, wizara zimehamia Mtumba, UDOM ina maelfu ya wanafunzi, treni ya SGR inafika tangu 2024, miradi ya utafiti inaanzia hapa. Aliyeleta tangazo sawa, ila tunamsubiri atakayeleta kituo chake cha matengenezo chenye vioo na sistimu chaji kwenye shelfu, sio ofisi ya kupokea kifaa na kukipeleka Dar wiki tatu. Huyo wa kwanza atakayefanya hivyo kwa vishikwambi, mi na masupavaiza wenzangu tutapeleka oda zetu kwake, na sisi ndo tunaandika mapendekezo ya manunuzi.

Mwisho mambo madogo ya kufanya ukishanunua: kava la mpira nene sio lile la kujionyesha, kizibo cha sistimu chaji kile cha mpira kinauzwa buku tu mjini na kinaokoa sana vumbi la kuanzia mwezi wa saba, protekta ya kioo ya kupunguza mng'ao yaani ile ya mati sio ya kung'aa, na risiti ya EFD yenye jina la kifaa na IMEI imeandikwa, maana bila hiyo risiti waranti haipo hata kama muuzaji ni shemeji yako. Mwenye swali la kifaa ambacho sijakitaja aulize, ila aje na bei ya kioo kutoka kwa fundi kwanza.